Kuku wa Mzee Lazaro

Mwezi uliopita nilimkabidhi mwenzangu funguo za kanisa letu la huku pembezoni mwa Mbagala, pamoja na ufunguo mmoja ambao hakuna anayejua unafungua nini. Nami niliukuta hivyohivyo. Nilimwambia asiutupe. Katika kazi yetu kuna vitu ambavyo unavitunza tu mpaka siku yake ifike.

Nyinyi mabinti mnaotoka chuoni na kupangiwa sharika zenu za kwanza mmekuwa mkinijia na swali lilelile: "Mama, wewe ulifanyaje, na enzi zile watu walikuwa hawataki kabisa kusikia habari za mchungaji mwanamke?" Nilikuwa nawajibu kwa mkato kwa sababu chai ilikuwa inapoa na kuna mgonjwa ananisubiri. Sasa nimestaafu. Nitaeleza polepole, na anayetaka habari za vyeo asome kwingine.

Nilianzia Boko, nikiwa mchungaji msaidizi. Jumapili ya kwanza nilipanda mimbarini nikagundua kwamba fundi aliyeitengeneza alikuwa na mwanaume mrefu kichwani mwake. Nilipofungua Biblia, waumini waliona paji la uso na miwani. Mtoto mmoja kiti cha mbele akauliza kwa sauti, "Mama, mchungaji kaenda wapi?" Kanisa zima likaangua kicheko. Nikacheka nami, na kicheko kile kilinisaidia kuliko maandalizi yote niliyokuwa nimefanya. Wakati kwaya inaimba, mzee mmoja wa kanisa alichomoka hadi duka la jirani, akarudi na kreti tupu la soda. Nilihubiri nikiwa nimesimama juu ya kreti.

Jumatatu nililirudisha mwenyewe. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiarabu ambaye ukoo wake umeuza unga na sukari pale tangu barabara ya Bagamoyo ikiwa nyembamba. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Kumbe ndiyo wewe! Walikuja kuniambia mchungaji anahitaji kreti. Nikasema, leo Wakristo wana sherehe."

"Ilikuwa sherehe kidogo, mzee wangu."

"Sasa kila wiki utaazima kreti? Nenda Mwenge kwa wachongaji. Wakutengenezee kibao."

Nikaenda. Mchongaji akaniuliza ni kibao cha kukalia au cha nini. Nikamwambia cha kusimamia. Akauliza kusimamia nikifanya nini. Nilipomwambia kuhubiri, akasema, "Basi nikifanye kizito, mama. Wahubiri mnarukaruka." Kibao kile cha mninga nilikisimamia mpaka Jumapili yangu ya mwisho. Kwa hiyo somo la kwanza ni dogo na la kawaida: Jumamosi, kanisa likiwa tupu, panda mimbarini, vaa kanzu utembee nayo, jaribu kipaza sauti, shika kikombe cha ushirika uone uzito wake. Karibu kila kitu mtakachokikuta kilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine. Hakuna aliyewakusudia mabaya. Pimeni upya tu, bila manung'uniko.

Baada ya Boko nikaletwa huku Mbagala. Siku ya kwanza alinipokea Bibi Tabitha, mjane aliyekuwa anafua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu tangu kanisa likiwa la mabanzi. Hakuwa na cheo chochote. Alinifundisha kuliko maprofesa wangu wote, na aliniita "mwanangu" hata mbele ya askofu. Aliniketisha kwenye benchi la nyuma akaniambia jambo ambalo barua ya uhamisho haikuwa nalo.

"Mwanangu, kabla hujaja walituita kwenye mkutano wa usharika. Tukaulizwa kama kuna mwenye pingamizi kuletewa mchungaji mwanamke. Watu walikuwa wananong'ona sana huko nje. Lakini kuulizwa hadharani, mkono ulionyooka ulikuwa mmoja."

"Wa nani?"

"Wa Mzee Lazaro. Na usimchukie. Wale wengine walikataa kwenye vibaraza. Yeye peke yake alikataa mbele za watu."

Mzee Lazaro alikuwa mzee wa kanisa, fundi mwashi aliyejenga nusu ya kuta zile kwa mikono yake. Katika usharika wetu wazee wa kanisa ndio wanaomsaidia mchungaji kwenye Meza ya Bwana: mchungaji anagawa mkate, mzee anafuata nyuma na kikombe. Na mchungaji hajilishi mwenyewe. Hupokea mwisho, kama mama anayepakulia nyumba nzima kabla ya kujipakulia, na anayempa mkate na kikombe ni yule mzee aliyemsaidia. Mzee Lazaro alikuwa ameshika kikombe kile miaka mingi. Nilipofika, akakiweka chini.

Hakufanya fujo. Alifungua kanisa alfajiri, akajaza tangi la maji, akaziba paa linapovuja. Nilipomwamkia "Shikamoo, mzee," aliitikia "Marahaba, Mama Ipyana," kwa jina la mwanangu wa kwanza, na kwa heshima kabisa. Neno "mchungaji" halikutoka kinywani mwake. Jumapili ya ushirika, wenzake wanapokwenda kupiga magoti, yeye hakuwepo. Alikuwa amepanda magari mawili kwenda Ukonga, kwenye usharika wenye mchungaji mwanaume, kupokea huko. Mkewe, Mama Debora, alibaki kwetu, akapiga magoti peke yake mahali walipokuwa wakipiga magoti wawili.

Vijana wa kwaya walipata mchezo.

"Mzee Lazaro yuko wapi leo?"

"Kapelekwa Ukonga."

"We! Kwa kesi gani?"

"Ya kukataa wito!"

Mnajua Ukonga inajulikana kwa gereza lake. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nikamwona Mama Debora amesimama nyuma yao, na sikucheka tena.

Sasa niwaambie kosa langu, kwa sababu ni kosa ambalo mwalimu au nesi hawezi kulifanya. Ni letu sisi tu. Katika mwaka wa pili, Jumapili isiyo ya ushirika, Mzee Lazaro yupo mahali pake, nilihubiri juu ya ugumu wa moyo. Nilimtaja Farao. Nilieleza jinsi mtu anavyoweza kujenga nyumba ya Mungu kwa matofali huku akimfungia Mungu mlango. Sikutaja jina. Sikuwa na haja, maana shingo za watu wote ziligeuka upande mmoja. Lilikuwa hubiri zuri sana. Watu walinipongeza mlangoni. Mzee Lazaro alinipa mkono kama kawaida, lakini Mama Debora alipita bila kuniangalia.

Bibi Tabitha alisubiri mpaka wote walipoondoka. Alikuwa anakunja kitambaa cha madhabahu, na hakuacha kukunja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza nini, bibi?"

"Kumchapa. Kule juu una kipaza sauti, yeye hana. Akisimama kukujibu anaitwa mkorofi, akinyamaza anaitwa Farao. Kama una neno naye, shuka kwenye kibao chako umfuate alipo."

Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri. Nilimkuta nje ya kanisa akifunga koki ya tangi. Nikamwomba radhi. Alifuta mikono kwenye suruali, akaniambia niketi juu ya tofali, akaketi na yeye.

"Mama Ipyana, mimi sina ugomvi na wewe. Unatembelea wagonjwa, unazika vizuri, hata mahubiri yako nayasikiliza. Hilo la Farao nimelisikiliza pia."

"Nisamehe, mzee."

"Limekwisha. Ila nielewe. Mie nilinyoosha mkono mbele za watu nikasema hapana. Niliamini hivyo, na baba yangu aliamini hivyo. Sasa mkono uleule niunyooshe kwako kupokea? Watu watasema ule wa kwanza ulikuwa wa uongo, au huu wa pili ndio wa uongo."

Chuoni walitufundisha kujibu hoja za Paulo na wanawake wa Korintho, na nilikuwa nazo tayari kama risasi. Hakuna aliyetufundisha la kumjibu mtu anayelinda uaminifu wa mkono wake. Kumbukeni hili mnapokutana na wa kwenu. Wengi wanaowakataa hawajawahi kulala macho wakiwaza Maandiko. Wengine wana woga, wengine wana mazoea, na wachache, kama huyu, wana neno walilolisema hadharani na hawajui walishike vipi wala waliache vipi. Msimjibu huyu kwa majibu ya yule.

Miaka ikapita. Tukabatiza, tukafungisha ndoa, tukapaka rangi. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati, akazoea kuombwa abariki chakula kwenye kila shughuli kwa kuwa watu waliamini utumishi unaambukiza. Akawa na sala moja fupi inayoanza na kuishia na shukrani, akaitumia kila mahali. Mzee Lazaro akaendelea kujaza tangi na kwenda Ukonga.

Kisha Mama Debora akaugua. Ulikuwa ugonjwa wa koo, ule unaomfanya mtu asimeze na mwishowe asiongee isipokuwa kwa mnong'ono. Hospitali walifanya lao, wakamruhusu arudi nyumbani. Nikaanza kumpelekea ushirika pale kitandani. Kwa hili tunatumia begi dogo: chupa ya divai isiyozidi kiganja, kikombe kidogo, mkate mwembamba wa duara, kitambaa cheupe. Pigeni simu kabla ya kwenda. Ulizeni kama mgonjwa anameza. Kama hamezi vizuri, chovyeni kipande kidogo kwenye divai, msiwe na haraka, na kaeni upande ambao anakuona bila kugeuza shingo. Na anayemuuguza naye muulizeni kama angependa kushiriki, maana yeye huwa hajafika kanisani siku nyingi sawa na mgonjwa.

Nilimuuliza Mzee Lazaro mara ya kwanza. Akasimama.

"Ngoja niwaangalie kuku."

Alikuwa na banda la kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Alikaa huko mpaka nilipofunga begi. Mara ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Ikawa nikigonga mlango tu, anavaa ndala. Nadhani hapakuwa na kuku wengine Temeke nzima waliokaguliwa kama wale.

Mara ya nne Mama Debora alinishika kanzu. Nikainama kumsikia.

"Mchungaji. Nina neno moja tu limebaki."

"Sema, mama."

"Tumeoana kanisani. Tulipokea pamoja siku ile, tukapokea pamoja miaka yote. Tangu uje, napokea peke yangu. Nataka kupokea naye mara moja kabla sijaenda. Mara moja tu."

Nikamwambia lipo jepesi: nitamwomba yule mchungaji wa Ukonga aje wiki ileile, washiriki wote wawili, mimi sitaona vibaya. Nilimaanisha. Alitikisa kichwa, akapumzika, ndipo akaongea.

"Umenisafisha kidonda cha mgongo kwa mikono yako. Halafu nimlete mgeni aje anipe mkate, wewe ukae wapi? Nyuma ya nyumba na kuku?"

Yote hayo nilimweleza Mzee Lazaro, palepale bandani, kwa sababu niliona si siri ya kumficha yeye. Alisikiliza akiwa ameshika sufuria ya pumba. Kisha akawamwagia kuku. Nikaenda nyumbani nikijua siku zake Mama Debora zinahesabika na kwamba sina cha kuongeza. Sikuhubiri juu ya jambo hilo. Mjue nilitamani.

Siku tatu baadaye nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Ingekuwa hadithi nzuri kama ningeanguka kutoka kwenye kibao katikati ya hubiri kama lile la Farao, lakini niliangukia sakafuni Jumatano asubuhi nikifuta utando wa buibui. Wakanifunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Jumamosi Mama Debora akaagiza niende, hali si nzuri. Nikaenda na begi bila kufikiri. Nilipofika kitandani na kulifungua ndipo nikaona upumbavu wangu: kwa mkono mmoja wa kushoto siwezi kumwinua mgonjwa kichwa na kushika kikombe. Ningemmwagia.

Mzee Lazaro alikuwa ameshavaa ndala, yuko mlangoni.

Ndugu zangu, sikupanga. Nilisema tu nilichohitaji, kama ungemwambia mtu yeyote akupe kiti.

"Mzee, siwezi kushika kikombe. Wewe ni mzee wa kanisa. Hii ni kazi yako."

Alinitazama, akaitazama plasta, akamtazama mkewe. Akazivua ndala, akaziweka ukutani sambamba, akaenda kunawa mikono. Alikaa sana kwenye maji. Aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwegemeza Mama Debora kifuani pake, akapokea kile kikombe kidogo, na nikaona vidole vyake vimekishika kama zamani, viwili chini na kimoja pembeni, jinsi alivyofundishwa na wazee waliomtangulia.

Nikasoma maneno. Nikaubariki mkate na divai. Nikaumega mkate nikamwekea Mama Debora kipande kiganjani, maana alipenda kujilisha mwenyewe hata kama kwa taabu. Hakukila. Alikishika, akakivunja tena kwa kucha, kipande kikawa viwili vidogo kama punje za mchele. Kimoja akakitia mdomoni. Cha pili akakiinua nyuma ya bega lake, bila kugeuka, mpaka kikagusa mdomo wa mumewe.

Kitabu chetu cha ibada kina maelekezo mengi, lakini hilo halimo. Nje kuku walikuwa wanagombana, hakuna aliyekwenda kuwaangalia.

Mzee Lazaro alifungua kinywa akala.

Akamnywesha mkewe, kidogo, kwa subira. Akanywa na yeye. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kukunja kitambaa kwa mkono mmoja. Akaniambia, "Bado." Kilikuwa kimebaki kipande kwenye sahani. Akakichukua. Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto, ule mzima, akakiweka pale.

"Mwili wa Kristo, ulitolewa kwa ajili yako," akasema. Kisha akaongeza: "Mchungaji."

Mama Debora alicheka. Koo halikuweza, lakini niliona mabega yakitikisika.

Alifariki wiki iliyofuata, akiwa amelala. Mzee Lazaro ndiye aliyekuja kunigongea, akasema, "Njoo umzike mwenzangu," na nikamzika, na yeye mwenyewe akashika mwavuli juu ya kitabu changu kwa sababu kulikuwa na manyunyu.

Mnaweza kudhani baada ya hapo alikuja madhabahuni akapiga magoti mbele yangu na kwaya ikaimba. Hapana. Mkono ulionyooka ulibaki umenyooka. Ila aliacha kwenda Ukonga. Jumapili ya ushirika alivaa koti lake, akashika kikombe nyuma yangu, benchi hadi benchi, na mwisho akanipa mimi mkate na divai. Yeye alipokea kwa mzee mwenzake, pembeni. Miaka mitano tulikwenda hivyo. Wengine waliniuliza kama hainiumi kwamba mtu anayenilisha hataki nimlishe. Siku za mwanzo iliniuma. Baadaye nikaona kwamba kila mwezi mtu yule ananipa kwa mkono wake kitu kitakatifu kuliko vyote anavyovijua, na ananiita jina langu la kazi akinipa. Kama kuna kukubalika kuzidi huko, sikuwahi kukuhitaji.

Msingoje wote wawakubali kwa namna mliyoipanga. Wapeni watu kazi yao ya kufanya pembeni yenu, halafu muwe tayari kupokea. Katika huduma hii tunafundishwa sana kutoa. Kupokea ndiko nilikojifunza kwa shida, tena mpaka nilipovunjika mkono.

Jumapili yangu ya mwisho walinipa vitenge, na wakanipa saa ya ukutani, nadhani ili nijue nimechelewa wapi. Watu walipopungua nikaona Mzee Lazaro anakuja taratibu kutoka upande wa tangi la maji. Amezeeka sasa, anatembelea fimbo. Kwapani alikuwa na kuku jike mwekundu, amefungwa miguu kwa kitambaa safi, ametulia kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mchungaji. Nimekuletea huyu."

"Mzee, jamani! Si ungemweka tu atage?"

"Mpokee. Wale kuku niliwakagua sana enzi zile, kila ulipokuja na begi lako. Nilikuwa nawaangalia wao, masikio yangu yalikuwa ndani. Huyu ni wa uzao wao." Akamtazama kuku, kisha akanitazama mimi. "Nimekagua mpaka nimeridhika. Hana kasoro."

Akamtoa kwapani. Nikanyoosha mikono yangu yote miwili.